Herufi za Ngozi ya Ng'ombe

Siku hizi nasikia kuna shule za watoto wadogo ambako herufi hukatwa kwa kitu chenye kukwaruza, mtoto akapitisha kidole juu yake kabla hajapewa kalamu. Wanaonisimulia habari hiyo hunisimulia taratibu, kana kwamba ni ujuzi ulioshuka jana kutoka Ulaya na kichwa cha mzee kama mimi kitachelewa kuupokea. Nawaacha wamalize. Kisha nawaambia kwamba nilijifunza hivyo hivyo, hapa hapa Karagwe, wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, na aliyenifundisha hakuwa Mzungu wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia, karibu na Nyaishozi. Babu mzaa baba alikuja na misafara kutoka pwani, akaoa, akakaa, akazikwa. Baba akarithi duka la nguo, chumvi, shanga na sindano, pamoja na ghala la ngozi nyuma ya nyumba, kwa sababu watu walimletea ngozi za ng'ombe naye akazipeleka Bukoba. Mama alikuwa Mnyambo wa pale pale. Kiswahili kilikaa dukani na sebuleni, Kinyambo kikakaa jikoni na migombani, nasi watoto tulipita katikati bila kubisha hodi.

Barazani kwetu palikuwa na chuo cha Kurani. Maalim, mtu mwembamba mwenye sauti nzuri ya kusoma, alikaa juu ya mkeka asubuhi yote. Wavulana walikaa mbele yake, kila mmoja na ubao wake na kalamu ya tete, wakichovya kwenye wino wa masizi. Wasichana tulikaa nyuma ukutani, tukifuatisha kwa midomo. Kusoma tuliruhusiwa. Kuandika, hapana. Nilipomuuliza Maalim kwa nini mimi sina ubao, hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza.

"Msichana akijua kuandika, atawaandikia wanaume barua."

Nilikuwa sijafika hata umri wa kung'oka meno. Nilitazama wavulana waliokuwa mbele yangu, mmoja anakula kamasi, mwingine amelala juu ya ubao wake, nikajiuliza ni nani kati yao ningetaka kumwandikia.

Mwaka huo ndipo shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alipotokea. Alikuwa ameolewa Bukoba na karani wa boma. Alirudi kwa miguu, mpagazi nyuma yake amebeba sanduku, na juu ya jicho lake palikuwa na alama ya pete ya mumewe. Baba alimpokea mlangoni.

"Utakaa mpaka hasira ziishe," baba akamwambia.

"Zake au zangu, kaka?"

Baba akampisha. Shangazi akaingia, akavua viatu, akauliza maji ya kutawadhia yako wapi. Hakurudi tena Bukoba.

Mumewe, walipokuwa bado wanapendana, alimfundisha herufi za Kizungu, zile zilizotumika bomani. Alijifunza haraka kuliko mumewe alivyopenda. Shangazi alitusimulia jambo hilo bila kuficha, mimi na rafiki yangu, binti wa majirani ambaye shamba lao la migomba lilipakana na letu. Rafiki yangu alikuwa rika langu, Kiswahili chake kidogo, mdomo wake mkubwa. Shangazi alipotuuliza kama tunataka kujifunza, yeye ndiye aliyejibu ndiyo kabla sijafungua kinywa.

Shangazi akaenda kwa baba kuomba ubao wa msichana. Baba akamwita Maalim. Maalim akasema kuandika ni kwa wavulana, tena zile si herufi za dini, ni za serikali ya makafiri, mtoto wa kike atazifanyia nini.

"Mimi nasali swala zangu zote," shangazi akasema. "Herufi zile hazijanizuia."

"Kalamu hapana," baba akakata shauri. "Wala ubao, wala wino. Si katika nyumba yangu."

"Kalamu, ubao na wino," shangazi akarudia, kama mtu anayetumwa dukani na anahakikisha hasahau kitu. "Nimesikia."

Kesho yake alikwenda kwa mama kuomba ngozi. Mama alikuwa na ngozi nyeupe, nusu ameitumia, nusu ameikunja darini. Shangazi akaomba kipande cha pembeni, mama akampa bila kuuliza. Kutoka ghalani akaokota vipande vyekundu vilivyokatwa pembeni mwa ngozi za biashara, ambavyo hutupiwa mbwa. Akaviloweka, akavisugua kwa siagi kama Wanyambo wanavyolainisha ngozi za kuvaa, kisha akaketi uani na kisu kidogo, akakata herufi moja moja, kubwa kama kiganja cha mtoto. Manyoya hakuyanyoa. A, e, i, o na u alizikata kwenye ngozi nyeupe, nyingine zote kwenye nyekundu.

Hatukuambiwa majina ya herufi. Tuliambiwa sauti zake. Alinishika kidole cha shahada na cha kati, akavipitisha juu ya ile nyekundu yenye vilima, huku akivuma: "Mmm." Nami nikavuma. Kisha o nyeupe. Manyoya ya ng'ombe hulala upande mmoja, kwa hiyo kidole kikishuka upande wa kushoto wa o kinateleza, kikipanda upande wa kulia kinakwaruzwa. Herufi ya s ilikuwa na njia yake, kali kidogo, laini kidogo, kali tena. Hadi leo nikiandika s naisikia vidoleni. Tulifumba macho, shangazi akatuwekea herufi mapajani, tukazitambua kwa kupapasa. Rafiki yangu alizinusa pia. Alidai b ina harufu ya maziwa.

Tulipozizoea, shangazi alitandika mkeka nyuma ya ghala, akamwaga herufi zote, akamwambia rafiki yangu: "Chagua neno unalolitaka."

"Ente," rafiki yangu akasema. Kwa Kinyambo ni ng'ombe.

Nilicheka. Niliamini herufi zinajua Kiswahili na Kiarabu tu, na kwamba Kinyambo ni cha kusemwa, kama vile kupiga chafya. Shangazi hakucheka. Alimwambia alitamke polepole na asikilize mdomo wake mwenyewe. Rafiki yangu akalitamka, akatafuta nyeupe, akatafuta nyekundu, akapanga: e, n, t, e. Akalitazama. Kisha akapiga ukelele na kukimbia hadi kwao kumwita bibi yake aje aone ng'ombe. Bibi akaja na jembe begani, akainama juu ya mkeka, akasema anaona ngozi. "Ndiyo," rafiki yangu akasema, "lakini sasa inasema."

Zamu yangu ilipofika, shangazi aliniuliza: "Na wewe, neno gani?"

"Sitaki."

"Hutaki nini? Umechoka?"

"Sijachoka. Nataka neno hilo. Sitaki."

Alijifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yakamtikisika. Alipomaliza kucheka alisema, "Haya. Sikiliza mdomo." Nikalipanga. Lilikuwa na nyekundu na nyeupe kwa kupokezana, zuri sana, na ndilo neno la kwanza nililoandika maishani mwangu. Wengine huanza na mama. Siwalaumu.

Maalim alitukuta siku ile tuliyokuwa tumejisahau na kupaza sauti. Alizunguka ghala, akasimama juu ya mkeka wetu.

"Mnaandika!"

"Kwa kalamu ipi, Maalim?" shangazi akauliza, bado ameketi. "Watoto, mwonyesheni Maalim mikono yenu. Atafute wino."

Tukanyoosha mikono. Mikono yetu ilinuka siagi. Maalim aliitazama, akatazama mkeka, na nikaona kwamba hakuweza kusoma kilichokuwa pale, maana elimu yake ilikuwa ya herufi nyingine. Simsemi kwa ubaya. Alijua mengi ambayo sitayajua kamwe, na usomaji wake ulitoa watu machozi. Lakini siku hiyo alikuwa amesimama juu ya watoto wadogo waliojua kitu bila yeye, na hakupenda. Akaenda dukani moja kwa moja.

Baba alikuja kabla ya magharibi. Hakugomba. Alikusanya herufi zote kwenye mkeka, akazibeba hadi jikoni uani, akazimwaga motoni. Ngozi yenye manyoya ikiungua hunuka vibaya kuliko unavyofikiri. Moshi ukatambaa kwenye migomba, ukaingia dukani, ukaingia kwenye vitambaa vipya. Watu waliopita njiani walifunika pua na kuuliza nani amekufa. Nililia. Shangazi hakulia. Alisimama akitazama moto huku amefunga mikono kifuani.

Asubuhi yake kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye jamvi mbele ya nyumba, buni nyekundu na nyeusi. Nilichuchumaa nikazitenga kwa vidole, nikaacha njia tupu katikati yake, mpaka neno langu likasimama pale, kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Baba akatoka.

"Nini hii?"

"Neno, baba."

"Linasema nini?"

Nikamwambia. Alinipiga kofi moja, akavuruga kahawa kwa mguu. Nilipoketi chini sikio likivuma, nilijua jambo ambalo sikuwa nalijua jana yake, kwamba hata angechoma ngozi zote za Karagwe, herufi zingebaki.

Hapo ndipo mama alipotoka jikoni. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi kwa baba, na kwa Kiswahili alisema machache zaidi. Siku hiyo alisema kwa Kinyambo, polepole, wateja wa kwanza wakiwa wamesimama pale.

"Baba watoto, ile ngozi nyeupe uliyochoma ilikuwa ya ng'ombe wangu. Baba yangu alinipa. Ng'ombe huyo aliponifia nililia, nikaitunza ngozi yake. Hukuniuliza."

Baba akasema hakujua.

"Hukuniuliza," mama akarudia.

Akaingia ndani, akapanda darini, akashuka na nusu iliyobaki, ile aliyokuwa akiitunza kwa miaka. Akaitandaza juu ya jamvi la kahawa, mbele ya baba, akamtazama shangazi.

"Kata."

Shangazi akakata siku hiyo hiyo. Naye baba, ambaye hakuweza kumfukuza mkewe mbele ya wakwe walioishi umbali wa sauti, akamfukuza dada yake. Alimwambia achague, herufi au kukaa kwake. Shangazi akavaa viatu.

Hakwenda mbali. Bibi yake rafiki yangu alikuwa mjane, na nyumba yake ya msonge ilikuwa katikati ya kibanja chake, migomba imeizunguka pande zote. Alisema nyumba yake haina duka wala chuo, kwa hiyo ina nafasi. Shangazi akahamia huko na sanduku lake na kikapu kipya cha herufi. Wasichana wengine wawili watatu wa jirani wakaanza kwenda. Walikaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, wakipapasa ngozi na kuvuma kama nyuki.

Baba akanikataza kukanyaga huko. Asubuhi niliendelea kukaa chuoni, nyuma ukutani. Maalim aliacha kuniuliza kitu chochote, nami sikuondoka mahali pangu. Mchana, chuo kilipotoka, nilifuata njia ya migombani. Siku ya kwanza baba aliniona kutoka mlangoni mwa duka.

"Unakwenda wapi?"

"Kusoma, baba."

"Si nimekukataza?"

"Ndiyo, baba. Umenikataza."

Nikaendelea kutembea. Sikukimbia. Nilitaka sana kukimbia, miguu iliniwasha, lakini niliona nikikimbia nitakuwa mwizi, na sikuwa naiba. Nilisikia hatua zake nyuma yangu. Hakuniita tena wala hakunishika. Tulikwenda hivyo, mimi mbele na yeye nyuma, hadi mlangoni mwa msonge.

Bibi alimkaribisha kwa adabu zote, akamtandikia mkeka nje, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikombe cha mti. Baba akaketi. Sisi tukaanza. Kwanza sauti zetu zilikuwa ndogo kwa sababu yake, kisha rafiki yangu akasahau kwamba yupo na akaanza kupiga kelele kama kawaida, nasi tukamfuata. Baba alitafuna buni. Baada ya muda mrefu akasema kutoka nje, bila kugeuka:

"Waambie wapange 'ngozi'."

Shangazi hakuhitaji kutuambia. Tulikwisha shika n na g. Tukalipanga juu ya nyasi, tukalibeba kwenye ungo hadi mlangoni ili alione. Baba hakuweza kulisoma, lakini aliokota o akaikunja kati ya vidole vyake, akaivuta, akaitazama upande wa ndani, kama alivyofanya kila mara watu walipomletea ngozi kuuza.

"Hii umeikata tumboni," akamwambia dada yake. Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu amfukuze. "Ngozi ya tumbo hulegea. Itapinda mvua zikija. Kata mgongoni."

"Ya mgongoni sina."

Baba akairudisha o kwenye ungo. "Mtoto arudi kabla ya magharibi," akasema, akaondoka.

Hakuomba radhi siku hiyo wala siku nyingine, na hakuleta ngozi yoyote. Ila mama alipoanza kuingia ghalani na kutoka na vipande vya mgongoni chini ya mkono, mchana kweupe, baba aliendelea kupima nguo.

Kuna siku mama naye alikuja kwa bibi. Alisema ameleta ndizi, na ndizi alileta kweli, lakini baadaye alibaki amesimama. Shangazi akamwekea m mbele yake. Mama akapitisha vidole, akapitisha tena, akatikisa kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vigumu kwa jembe na kwa kumenya ndizi, havikusikia manyoya. Nilifikiri ataondoka. Aligeuza mkono, akaikokota ile ngozi polepole juu ya kifundo cha mkono, upande wa ndani, pale mishipa inapoonekana, akafumba macho.

"Mmm," mama akasema.

Alijifunza herufi zote kwa kifundo cha mkono. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

Tulisoma hivyo mpaka vita vya Wadachi na Waingereza vilipofika Kagera. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo, ghala la baba likasombwa, ngozi zote zikaenda kwa askari. Maalim alihama na watu wake, na chuo kikakaa bila mtu. Kwa bibi hatukuacha hata wiki moja, maana nani angekuja kuchukua kikapu cha vipande vyenye manyoya? Baada ya vita ikapita homa iliyoingia kila nyumba, na shangazi akafariki nayo. Tulimzika kibanjani kwa bibi. Mumewe wa Bukoba alituma mtu kuuliza kuhusu sanduku. Baba alimrudisha yule mtu mikono mitupu.

Nilipofikia umri wa kuolewa, wakaja wazee wawili na mshenga wao, watu wa biashara, wenye heshima. Baba aliwapokea barazani. Mimi na mama tulikuwa ndani tukimenya ndizi, tukisikia kila neno. Mambo yalikwenda vizuri hadi mshenga alipokohoa.

"Tumesikia maneno ya watu," akasema. "Kwamba binti alifundishwa kuandika. Sisi tumesema ni uzushi. Tunataka utuhakikishie tu, mzee mwenzetu, ili tukawajibu wanaosema."

Mama alishika kisu bila kukata. Nilijua baba angeweza kusema ni uzushi, na jambo likaisha, kwa kuwa nani angenipa kalamu pale mbele yao wanijaribu? Nilijifuta mikono, nikawa najiandaa kutoka nikaseme mwenyewe.

"Anaandika," baba akasema. "Anaandika Kiswahili na anaandika Kinyambo. Mama yake anasoma. Kama mnatafuta nyumba isiyo na hayo, mmepotea njia. Hapa ndivyo tulivyo."

Mmoja wa wazee akasema kwa upole kwamba labda binti anaweza kuahidi kuacha.

"Mwiteni mumuulize," baba akajibu. "Lakini nawaonya, neno atakalowapa nalijua, tangu akiwa mdogo."

Hawakuniita. Walikunywa kahawa yao, wakashukuru, wakaondoka na adabu zao zote. Baba alibaki barazani peke yake kwa muda, kisha akaingia akauliza ndizi zimeiva au bado. Mama akamwambia bado, na akamsogezea kigoda akae pale pale jikoni.

Wale wazee hawakurudi. Mwaka uliofuata walikuja wengine, kutoka upande wa Nkwenda, nao hawakuuliza kitu.